Mkwaruzo wa Gitaa ni Suala la Bei

Kijana wa hapa Dodoma akipokea gitaa aliloagiza mtandaoni, picha ya kwanza anayonitumia huwa si ya gitaa. Ni ya mkwaruzo. Ameivuta picha mpaka alama isiyozidi punje ya mtama imekuwa kama korongo, na chini yake ameandika: "Kaka, nimepigwa?" Namjibu kwamba bado sijui, maana shingo hajanionyesha.

Msimamo wangu ndio huu, na najua wapo wapiga gitaa wenzangu wasioutaka: dosari ya sura ni suala la bei. Unadai pesa yake mapema, mnakubaliana, kisha unaachana nayo. Usilirudishe gitaa kwa ajili yake, usilipeleke kwa fundi, na usikubali ikuzibe macho ukashindwa kuona kasoro ambazo kweli zitakusumbua.

Nianze na hizo dosari zenyewe. Gitaa langu la akustika lilikuja na tone la vanishi lililoganda nyuma, pale shingo inapokutana na mwili. Ukipitisha kidole unaligusa. Pembeni ya daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili, kuna doa lililokataa rangi, kwa sababu gundi ilimwagika hapo kabla ya kupaka, ikaziba vinyweleo vya mbao, rangi ikakosa pa kuingilia. Karibu na tundu la sauti ipo mistari ya msasa uliopita kukatisha mbao badala ya kufuata mkondo wake. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoisikia ukipiga.

Zote ni alama za haraka. Gitaa la laki mbili au tatu lina bei hiyo kwa sababu kuna mtu kiwandani hakupewa muda. Mbao zinakatwa na mashine, lakini msasa wa mwisho, kufuta gundi na kung'arisha bado kwa sehemu kubwa ni kazi ya mkono, na muda wa mkono ni gharama. Ndiyo maana rangi nzito zinapendwa sana kwenye magitaa ya bei ya chini: zinafunika viungo na viraka vya mbao. Hata ule weusi wa pembeni unaofifia kuelekea katikati, pamoja na uzuri wake, unaficha mengi kwenye kingo. Anayetaka gitaa la rangi ya mbao yenyewe ajue kwamba ataona kila kitu.

Sasa uweke mkwaruzo pembeni ukague gitaa. Linyanyue hadi usawa wa jicho, utazame shingo kuanzia kichwani kuelekea kwenye daraja. Ikiwa imepinda kidogo kwenda mbele ni kawaida, na kwenye magitaa ya nyuzi za chuma ndani ya shingo huwa kuna fimbo ya chuma ya kurekebishia hilo. Ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, hapo hakuna mjadala, lirudi lilikotoka. Chukua karatasi ujaribu kuipenyeza chini ya daraja kwa upande wa nyuma. Ikiingia, gundi inaachia, na nyuzi sita za chuma zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60 usiku na mchana. Washa tochi ya simu uchungulie ndani kupitia tundu, uone kama vile vijiti vya kuimarisha uso vimeshika. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vinavyokatisha shingo, moja baada ya nyingine, usikilize kama kuna uzi unaokoroma. Inachosha, lakini ndiyo kazi. Kwenye freti ya 12 gusa uzi bila kuubonyeza upate ile sauti ya kengele, halafu ubonyeze hapohapo. Sauti hizo mbili zikiachana waziwazi, kordi za juu hazitakaa tyuni hata ufanyeje.

Mahali pa kutazama mara mbili ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Gitaa likidondoshwa kwenye mzigo, huko ndiko linakovunjika mara nyingi, na mpasuko mwembamba wa hapo unafanana sana na mkwaruzo wa vanishi. Muuzaji atakuambia ni rangi tu. Usikubali. Mkwaruzo unakaa juu ya rangi, wakati mpasuko unafuata mbao na kuzunguka hadi upande wa pili.

Na mkoromo wa uzi unaogonga freti nao si dosari ya sura. Hapa sisi wa Ugogo tuna kajimtego ketu. Ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile ambayo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliitembeza duniani hadi alipofariki mwaka 2003, hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui makusudi, ili kila sauti ije na mkoromo wake, na humo ndimo ulimo utamu. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa kwaya akisifia gitaa lililokuwa likikoroma kuanzia freti ya tano hadi ya tisa. Masikio yake yalikuwa nyumbani. Gitaa lenyewe lilihitaji fundi.

Ukishamaliza ukaguzi na gitaa likawa zima, ndipo urudi kwenye mkwaruzo, tena siku hiyohiyo. Tangazo ulishalipiga picha ya skrini kabla ya kutuma hela, sivyo? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Kwa hiyo kama tangazo lilisema "jipya kabisa, halina kasoro", una pa kusimamia. Lakini tuseme ukweli, hakuna atakayefungua kesi kwa tone la vanishi. Kinachofanya kazi ni ujumbe mfupi, picha mbili na ombi moja lenye kiasi:

"Bosi, gitaa limefika salama na linapiga vizuri. Ila tangazo lilisema halina kasoro, na alama hizi zipo. Nirudishie elfu thelathini, au nitumie seti mbili za nyuzi na begi lenye sponji, tumalize."

Atajibu kwamba hiyo ni kawaida, hata mengine yako hivyohivyo. Mjibu kwa upole kwamba kama ni kawaida, ingeandikwa kwenye tangazo. Wengi hapo hulegea, kwa sababu nyuzi na begi wanavipata kwa bei ya jumla, na mteja aliyeanza kwa kusema gitaa linapiga vizuri haonekani kama mtu wa kutafuta ugomvi. Ukianza na "mwizi mkubwa wewe", utaishia kuzuiwa namba.

Kwa nini nisiseme rudisha? Kwa sababu tuko Dodoma. Kulirudisha ni kulipeleka stendi ya Nanenane, kulilipia, na kuliacha buti la basi liungue joto chini ya magunia mpaka Dar es Salaam. Gundi ya gitaa haipendi joto, na boksi lililokwisha kufunguliwa halifungwi tena kama lilivyotoka kiwandani. Gitaa lenye mkwaruzo linaweza kufika huko na daraja limeng'oka, na hapo mzozo unahamia kwenye nani aliyeling'oa. Wapo wanaoshauri upande treni ukachague mwenyewe Kariakoo, na ni kweli kwamba tangu treni ya umeme ianze kufika huku mwaka 2024 safari imekuwa ya saa chache. Kwa gitaa la milioni ningekwenda. Kwa la laki mbili, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha njiani inakula pesa ya begi na tyuna.

Kuhusu kulirekebisha, hapa ndipo ninapogombana na watu. Fundi seremala wa mtaani kwako ni hodari, kitanda chake kitakuzika. Lakini ukimpelekea gitaa lenye mkwaruzo atalipiga msasa lote na kulimwagia vanishi ya vitanda, mbili tatu, ling'ae. Uso wa gitaa la akustika ni mbao nyembamba, kwa kawaida chini ya milimita 3, na kazi yake ni kutetemeka. Kila tabaka zito unaloliongeza linaubana. Nimeona gitaa lililopendeza kama samani ya sebuleni na sauti yake ikawa imefungwa ndani. Anayeshindwa kabisa kuvumilia shimo dogo kwenye vanishi ngumu za kisasa anaweza kulijaza kwa tone la supagluu, akasubiri likauke kabisa, kisha akalisawazisha kwa msasa laini wa maji wa namba 1000 hadi 2000, pale tu palipo na tone. Dawa ya viatu na nta za magari zenye silikoni ziache kwa wenyewe. Silikoni ikishapenya, rangi yoyote ya baadaye inakataa kushika.

Na wakati unahangaika na sura, hewa ya Dodoma inafanya kazi yake kimyakimya. Watengenezaji wengi wanataka gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Lako limevuka bahari, likapita kwenye jasho la pwani, mbao zikavimba, kisha likapanda huku kwetu ambako mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni upepo na vumbi. Mbao inasinyaa, chuma cha freti hakisinyai. Ifikapo Agosti au Septemba ncha za freti zinaanza kukuchoma kiganja, na mteja anampigia muuzaji simu ya matusi kwa jambo lililosababishwa na kiangazi. Fundi anayejua anazisawazisha kwa tupa kwa muda mfupi. Mbaya zaidi ni uso kupasuka, na hilo huzuiwa kwa kibweta cha plastiki cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana isidondoshe maji, kikaa ndani ya begi lililofungwa pamoja na gitaa. Kulitundika ukutani chini ya bati, mkabala na dirisha, kunapendeza kwenye picha tu.

Kwa wanaoona mkwaruzo ni aibu, Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, tangu 1995 wanauza magitaa mapya yaliyochubuliwa na kukwanguliwa makusudi, tena kwa bei ya juu kuliko mengi yasiyo na alama. Mwimbaji wa Marekani Willie Nelson bado anapiga lile gitaa lake la Martin N-20 alilolipata mwaka 1969, na kwa kulipiga miaka yote hiyo mkono wake umelitoboa tundu la pili. Sisemi tone lako la vanishi ni historia. Kiwanda kilikosea, nawe una haki ya kulipwa.

Mimi siku hizi nikiagiza naanza na swali ambalo wauzaji hawalitegemei: "Bosi, huna lenye mkwaruzo?" Karibu kila duka lina moja lililokaa kwenye maonyesho, wateja wakaligusa mpaka likapoteza mng'ao, au lililogongwa wakati wa kushusha kontena. Namwomba anipigie video ya shingo na ya daraja, halafu tunaanza kuongea bei.