Sekunde 40 za Mlio

Jamani, nikisikia tena "ubia wa kimkakati" nitaziba masikio. Kampuni ya simu inayumba, inaegemea kampuni ya programu, wakubwa wanapeana mikono mbele ya kamera, meno yote nje. Anayeumia nani? Mshika simu.

Tarehe 11 Februari 2011 Nokia na Microsoft walisimama London wakafanya hivyo hivyo. Siku chache kabla, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft mwaka 2010 kwenda kuiongoza Nokia, alikuwa amewaandikia wafanyakazi kwamba jukwaa walilosimama juu yake linaungua. Haya, linaungua. Lakini simu za Symbian, mfumo wenyewe wa Nokia wa wakati huo, bado ziko dukani zinasubiri wanunuzi! Kondakta gani anawaambia abiria basi hili bovu, zima litakuja mwisho wa mwaka, ila nauli lipeni sasa hivi?

Tuyaache ya wakubwa. Chukua jambo dogo la heshima ya mtu: mlio wa simu. Kwenye Symbian unarushiwa wimbo kwa Bluetooth, unauchagua uwe mlio, kwisha, unazunguka ukiomba watu wakubipu. Ikaja Lumia 800 ya Nokia, ndani yake Windows Phone 7.5, mfumo wa Microsoft. Keti chini, ndugu yangu.

Kwanza tafuta kompyuta, maana simu hiyo haipokei wimbo kwa Bluetooth, na ukiichomeka kwa waya haifunguki kama flashi. Enzi hizo lazima upakue Zune, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kicheza muziki ambacho mwaka huo huo wa 2011 utengenezaji wake ulisitishwa. Yaani unabisha hodi kwa marehemu. Pili, kata wimbo usifike sekunde 40. Faili iwe MP3 au WMA, isiwe na kufuli la hakimiliki, na isifike MB 1. Hapo ndipo wengi huanguka: sekunde 39 kwa kilobiti 256 kila sekunde zinapita MB 1, mlio umekataliwa. Shusha hadi 192, unapenya kwa taabu. Shusha hadi 128, unalala usingizi. Tatu, ndani ya Zune, bonyeza wimbo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye kuhariri, na pale panapoulizwa aina ya muziki, andika kwa mkono wako "Ringtone". Si taarabu, si dansi. Ukikosea herufi moja, simu inaupokea kama wimbo wa kawaida, na kwenye orodha ya milio huuoni ng'o. Nne, uburute hadi kwenye picha ya simu, subiri, kisha ingia mipangilio ya simu uuchague.

Hatua zote hizo ili simu ilie! Na ikilia, unaipokea sekunde ya 3.

Betri yake haitoki, kwa hiyo ikiganda huna cha kuchomoa: shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, huku ukitafakari maisha. Laini ni ndogo ya microSIM, na kidroo chake hakisogei mpaka kwanza ufungue kifuniko cha tundu la chaji.

Halafu dharau yenyewe. Lumia 900 inaingia madukani Marekani Aprili 2012. Juni, miezi miwili tu baadaye, inatangazwa kwamba Windows Phone 8 haitaingia kwenye simu za mwanzo, kwa sababu kiini cha mfumo kimetoka Windows CE, ile ya vifaa vidogo, kwenda NT, ile ya kompyuta. Mtawekewa 7.8. Ina nini? Vigae vya skrini ya mwanzo, vile visanduku vya programu, vinabadilika ukubwa. Vigae!

Mwishowe Microsoft wakainunua idara ya simu ya Nokia, pamoja na leseni ya hataza zake, euro bilioni 5.44 kwa makubaliano ya Septemba 2013, na Julai 2015 wakafuta hesabuni dola bilioni 7.6 kama hasara. Wao wanafuta. Wewe jaribu kufuta deni.

Na BL-5C, ile betri ya simu za Nokia za vitufe, volti 3.7, bado inaendesha redio ndogo za mkononi. Ukiishuku, ilaze mezani uizungushe kwa kidole; ikizunguka kama pia imevimba, usiichaji. Iliyo nzima inakwama. Sasa chaja ya pini nyembamba, nani kaitoa hapa?