Vikombe Vilivyoinama Mbele ya Mgeni Rasmi

Shemeji yangu hununua kwa rangi. Pakiti ikiwa ya kijani, ina picha ya jani na neno "asilia", keshalipa kabla hajajua ndani mna nini. Basi siku alipoandaa kikao cha kuhamasisha utunzaji wa mazingira, meza nzima ilijaa vikombe vyangavu, kila kimoja na jani lake.

"Shemeji, hivi vinaoza!" akaniambia, kifua mbele.

Nilikuwa nakigeuza kimoja nisome kitako chake: pembetatu, namba 7, na chini yake herufi PLA. Nikafungua mdomo nimwonye. Birika likanitangulia.

PLA ni plastiki halisi, ila haitokani na mafuta ya petroli. Wanga wa mahindi au sukari ya miwa huchachushwa ikawa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo huunganishwa kuwa plastiki. Udhaifu wake ni joto: ikifika nyuzijoto 55 hadi 60 hulainika. Chai iliyotoka jikoni muda si mrefu hupita nyuzijoto 80. Mgeni rasmi alipokishika kikombe, kikamtii. Akikaza vidole, chai inapanda, akilegeza, inashuka. Akajaribu kukiweka mezani kwa heshima, kikapiga magoti na kumwaga yote juu ya hotuba yake, ukurasa wa uendelevu ukiwa wa kwanza kulowa.

Vikombe vyangavu vya PLA ni vya vinywaji baridi. Kwa cha moto hutafutwa CPLA, plastiki ileile iliyotengenezwa iwe na fuwele ndani, ambayo kwa kawaida haionyeshi upande wa pili na huhimili takribani nyuzijoto 85; au kikombe cha karatasi chenye utando wa PLA, maana hapo karatasi ndiyo inayoshika umbo. Kwenye boksi huandikwa, lakini nani asome boksi na jani lipo?

"Haidhuru," shemeji akasema huku akipangusa. "Tutavitupa kwenye shimo la mboji." Akavifukia kwa mkono wake.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Neno "inaoza" kwenye lebo lina masharti. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinadai baada ya wiki 12 isibaki zaidi ya asilimia 10 ya vipande vinavyozidi milimita 2, na ndani ya miezi 6 asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka hewa ya kaboni dayoksaidi. Lakini hayo ni mazingira ya kiwanda cha mboji: joto la karibu nyuzijoto 58, unyevu, na hewa inayopitishwa. Lundo la nyumbani lisilofika hata mita moja ya ujazo halishiki joto hilo kwa muda wa kutosha. Kama lebo haikusema wazi kwamba bidhaa huoza kwenye mboji ya nyumbani, chukulia kwamba haiozi humo.

Shimo lilipofukuliwa, vikombe vilitoka vizima. Maganda na majani halisi yote yalikuwa yamegeuka udongo. Jani lililochorwa ndilo lililobaki na afya njema.

Kichekesho ni kwamba mifuko yake ya kubebea iliyotengenezwa kwa wanga, ile aliyoihifadhi kabatini kwa uangalifu, yenyewe ilichanika ilipopakiwa tu. Mifuko ya aina hiyo ina umri. Joto na unyevu wa kabati huilegeza. Kwa hiyo kilichozikwa kiligoma kuoza, kilichotunzwa kikaoza. Mifuko mingine nayo ina ubishi wake: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walieleza kwamba mfuko ulioandikwa kuwa unaoza ulikaa udongoni na baharini kwa zaidi ya miaka 3, ukatoka bado unabeba bidhaa za dukani.

Shemeji hakukata tamaa. Alihamia kwenye "mianzi". Akaniletea kikombe kizito, cha rangi ya udongo, akakigonga mezani. "Hiki hakiinami!"

Ni kweli, hakiinami. Vingi vya namna hiyo ni unga wa mianzi ulioshikwa na gundi ya melamini na fomaldehaidi, yaani plastiki iliyovaa vazi la shamba. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, imeonya kwamba havifai kwa vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 70, kwa sababu joto huzitoa kemikali hizo zikaingia kwenye kinywaji. Nikamweleza yote hayo. Akanisikiliza hadi mwisho, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Sasa shemeji, chai utanywea nini?"

"Niletee maji baridi."