Homa ya kupe: dawa kabla ya kipimo?

Katika utafiti uliofanyika Moshi, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2007 na 2008, walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa. Zaidi ya asilimia 60 waliandikiwa malaria, ilhali iliyothibitika ilikuwa asilimia 1.6 tu; miongoni mwa waliochunguzwa riketsia (bakteria wa homa) ya kundi linaloenezwa na kupe, asilimia 8 hivi walikutwa nayo. Je, kipimo cha malaria kikiwa hasi, mganga wa zahanati aanzishe doksisaiklini, antibiotiki inayotibu riketsia, au asubiri maabara?

Wanaotaka aanze wana hoja nzito. Kipimo cha riketsia hulinganisha kingamwili za damu ya siku za mwanzo na ile ya wiki mbili au zaidi baadaye, hivyo jibu humkuta mgonjwa ama amepona ama amezidiwa. Doksisaiklini ni ya bei nafuu, wakati amoksilini, ambayo wenye homa hupewa kwa mazoea, haifui dafu mbele ya riketsia. Hata ile hofu ya kuchafua meno ya watoto imepungua sana kwa dozi fupi.

Wanaopinga hutaja usugu wa vimelea, lakini naona hoja yao kali zaidi ni bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi anaweza kuwa nayo, na tiba yake ni doksisaiklini pamoja na dawa nyingine kwa wiki sita. Siku saba za dawa moja humpoza tu, kisha ugonjwa hurudi.

Naegemea upande wa kuanza, ila mgonjwa avuliwe nguo kwanza. Vipele ni vigumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi, lakini mahali alipoumwa na kupe mara nyingi hubaki kidonda kidogo chenye gamba jeusi: kinenani, nyuma ya goti, au ndani ya nywele za mtoto. Wengi hawachunguzwi huko. Ng'ombe naye hatoi onyo, kwani kupe humrithisha mwanawe riketsia kupitia mayai na mnyama haonyeshi ugonjwa; mfugaji hupeleka mifugo joshoni kwa kuogopa ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe unaoua ng'ombe, si riketsia.

Homa ya riketsia kwa kawaida hushuka ndani ya siku tatu za dawa. Isiposhuka, kitafutwe chanzo kingine; ikishuka kisha ikarudi baada ya wiki chache, ipimwe bruselosi kabla ya kuandika dozi ya pili.