Miwani ya kusomea ya tayari: ikae mlangoni au nyuma ya chumba cha vipimo?

Wapo wataalamu wa macho ambao ukiwatajia miwani ya kusomea ya tayari wanakunja uso, kana kwamba umemwambia fundi cherehani atundike nguo za dukani kando ya mashine yake. Hoja yao ina mashiko: mtu amesomea macho miaka kadhaa, ana chumba cha vipimo na mashine za bei mbaya, halafu mteja anajichagulia miwani mwenyewe kwenye rafu, anajaribu mbili tatu mbele ya kioo, analipa na kuondoka bila jicho lake kuangaliwa. Wengine wanajibu kwamba mteja huyo atainunua tu, iwe kwako au kwa muuzaji wa vifuniko vya simu.

Mimi niko upande wa kuiweka kliniki, lakini nina ugomvi na mahali inapowekwa.

Kwanza tukubaliane inatibu nini. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa imekakamaa kiasi kwamba haiwezi tena kujikunja vya kutosha kuona karibu. Hiyo ndiyo presibiopia. Si ugonjwa, na hakuna anayeikwepa akiishi vya kutosha. Kwa mtu ambaye macho yake yote mawili yanaona mbali vizuri na yanalingana, miwani ya tayari inamfaa kabisa. Haimharibii macho wala haimfanyi awe mtumwa wa miwani. Hofu hiyo naisikia kila wiki; ukweli ni kwamba lenzi ingezidi kukakamaa hata asipovaa chochote. Na faida yake si ndogo. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea: waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uchumaji kwa asilimia 21.7 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kuchuma chai, ambako wengi wetu tusingedhani kunahitaji miwani!

Sasa upande wa pili, na hapa wakosoaji wana haki kuliko wanavyopewa.

Miwani ya tayari hutengenezwa kwa mtu wa wastani ambaye pengine hajawahi kuingia kliniki kwako. Lenzi zote mbili zina nguvu moja, hakuna marekebisho ya astigimatizimu (jicho lisilo na mviringo sawasawa, linaloona herufi zimevutika), na vitovu vya lenzi vimeachana kwa umbali uleule kwa kila mnunuzi. Chukua fremu ambayo vitovu vyake vimeachana milimita 63, umvishe mtu ambaye mboni zake anaposoma zimeachana milimita 55. Tofauti ni milimita 8. Kwenye lenzi za +1.00 (namba ya nguvu ya lenzi; ikikua, lenzi ina nguvu zaidi), tofauti hiyo inazaa prizimu, yaani kupindishwa kwa mwanga pembeni, ya 0.8 kwa jumla, na wengi hawataihisi. Kwenye lenzi za +3.00 inafika 2.4, na inayalazimisha macho yajivute ndani zaidi ya kawaida. Huyo ndiye atakayekuambia, "Hii miwani inanisomesha dakika kumi, halafu kichwa kinaniuma." Kwa hiyo anayesema miwani ya tayari haina neno na anayesema inaumiza kichwa wote wanaweza kuwa sahihi; wanazungumzia namba tofauti.

Halafu kuna namna watu wanavyochagua. Mbele ya rafu, mkono unakwenda kwenye namba kubwa, kwa sababu herufi zinaonekana nene na mtu anadhani amepata bora. Lakini +3.50 inamvuta mtu mzima asomee sentimita 28 hivi kutoka usoni. Akirudi kwenye kompyuta iliyo sentimita 65 mbele yake, kila kitu ni ukungu, wakati +1.50 ingemtosha. Dakika tano za kumuuliza anafanya kazi gani na anashika kitabu wapi zingemwokoa.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, haihusu lenzi. Inahusu kile ambacho miwani inakificha. Glakoma, ile ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya bila maumivu. Kisukari huharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, wakati mgonjwa bado anasoma gazeti vizuri. Na kuna mtego mmoja unaonichekesha na kunisikitisha pamoja: aina fulani ya mtoto wa jicho hubadilisha nguvu ya lenzi, mzee akajikuta anasoma bila miwani, akaenda kutangaza kwamba macho yamepona. Miwani ikimpa mtu herufi anazozitaka, sababu ya kuja kupimwa inaondoka nayo.

Ila hoja hii, ukiitazama vizuri, inalaumu miwani inayouzwa mahali pasipo na mtaalamu. Kuiondoa kliniki hakumrudishi mteja kwenye kiti cha vipimo. Kunamsogeza mbali zaidi. Hata Uingereza, ambako biashara ya miwani ina sheria zake, inaruhusu iuzwe bila cheti cha vipimo vya macho kwa ajili ya presibiopia, mradi lenzi zilingane nguvu na zisivuke +4.00.

Wanaohofia mapato nao wanasahau wateja wao wenyewe. Aliyetoka kuondolewa mtoto wa jicho akawekewa lenzi ya kuonea mbali hawezi kusoma hata maelekezo ya dawa zake za matone, na kwa kawaida vipimo vya miwani ya kudumu husubiri wiki nne hadi sita jicho litulie. +2.50 ya tayari inamvusha. Yupo pia anayetaka miwani ya akiba ya jikoni, na yule anayekalia miwani kila baada ya miezi mitatu. Hawa hawakuwa wakinunua jozi ya pili ya kutengenezewa hata hivyo.

Kwa hiyo mimi naiweka nyuma, kwenye droo, mahali anapofika mtu aliyekwisha kupimwa. Rafu ya mlangoni inasema "jihudumie". Droo inamlazimu mteja aseme neno na mtu kwanza. Namba zinazotoka sana ni za katikati, +1.50 hadi +2.50, kwa hiyo haihitaji mtaji wa kutisha.

Anabaki yule anayekataa kupimwa, ana haraka, anataka miwani tu. Simfukuzi. Namuuliza kama ana kisukari, kama kwao kuna aliyepofuka, na kama uoni ulibadilika ghafla. Kisha namvisha, nampa kadi ya kusoma, namwambia afunike jicho moja, halafu lingine. Wengi hawajawahi kufanya hivyo maishani. Akifunika la kulia na maandishi yakapotea, narudisha miwani kwenye droo na kumwonyesha kiti.