Mtaro Tunaoujenga Sisi, Wenzetu Wanaubomoa

Jumamosi nilikuwa naosha gari mbele ya nyumba ninayoishi hapa Seattle, Marekani, jirani mmoja mzee akatoka mbio mbio kuniomba nilisogeze kwenye nyasi. Nilikereka. Nikasema moyoni, ni yale yale, mgeni anafundishwa adabu. Kumbe alitaka kunionyesha tundu la mtaro hatua tano kutoka kwenye ndoo yangu, na kibao kidogo pembeni yake kilichochorwa samaki. Maji yanayoingia pale hayapiti kwenye mtambo wowote. Yanakwenda kijitoni kama yalivyo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kwetu mnaijua, yale maji meusi yanayoshuka barabarani na rangi za oili juu yake. Ila sikuwahi kujiuliza ndani yake mna nini zaidi ya oili. Mna vumbi la tairi na la pedi za breki, mna shaba na zinki. Huku Seattle, samaki waitwao samoni, aina ya koho, walikuwa wakirudi kutoka baharini kutaga kwenye vijito vya mjini, mvua ikinyesha wanaanza kuzunguka juu ya maji wakitweta, na baada ya saa chache wamekufa, majike wakiwa na mayai tumboni. Watafiti walihangaika miaka mingi. Mwaka 2020 ndipo walipotangaza jibu: 6PPD, dawa inayotiwa kwenye mpira wa tairi usipasuke, ikikutana na ozoni, gesi iliyomo hewani, hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni, na hiyo ndiyo inayoua. Yaani ni tairi tu, gari likipita zake.

Nawasikia mnaosema nimekaa ughaibuni kidogo nimeanza kuona kwetu kuchafu. Hapana. Hawa wana magari mengi kutushinda, na samaki wao wamekufa miaka yote hiyo bila wao kujua sababu. Sheria ya jimbo lao hili la Washington ya kupunguza shaba kwenye pedi za breki ni ya 2010 tu. Tairi bado zina dawa ile ile. Sijaja kuwasifu.

Kinachoniuma ni kwamba tiba waliyoipata ni udongo. Watafiti walipitisha maji ya barabara kuu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, wakawatia koho kwenye maji yaliyochujika, wakaishi. Waliotiwa kwenye maji yasiyochujwa walikufa. Sasa watu wanachimbua zege na lami kando ya barabara, wanatengeneza vibonde vya udongo na majani ili maji yatulie, yazame, ndipo yaelekee mtoni. Wanatoa fedha nyingi kupata kitu ambacho sisi tulikuwa nacho bure: ukingo wa nyasi, tope, matete, bonde linalokunywa maji.

Sisi je? Barabara mpya inakuja na mtaro wa zege ulionyooka, unatema moja kwa moja mtoni, na tunapiga picha tukishangilia. Mtaniambia mtaro unazuia mafuriko, watu wanahama nyumba kila masika, wewe unatuletea habari za samaki. Najua. Na mimi nimebeba godoro kichwani maji yakiwa magotini. Simwambii mtu arudi kwenye barabara ya matope. Nasema mtaro usiishie mtoni. Uishie kwenye nyasi kwanza, hata hatua thelathini, na matete yaachwe yalipo. Na oili chafu ya gereji ikusanywe kwenye pipa, maana hiyo ikimwagwa yenyewe hakuna nyasi zitakazoiweza.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Kwa barabara ambayo bado iko kwenye michoro, ni mhandisi kuchora mstari mwingine kabla zege halijamwagwa. Gharama ni ya kuja kulivunja baadaye. Mtaa wa pili kutoka kwangu wameanza kuvunja wiki hii, na mashine zao nazisikia tangu asubuhi.