Uzazi ni wa jozi: kupandana na tofauti za kijeni kwa wadudu

Hesabu nyingi za uteuzi asilia humpa kila mdudu alama yake: huyu huzaa sana, yule kidogo. Mara nyingi hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu idadi ya mayai yatakayoanguliwa hutegemea nani kapandana na nani. Aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni moja, hutoa jenotaipu tatu (jozi za aleli ambazo mdudu anaweza kuwa nazo), na hizo hutoa michanganyiko tisa ya dume na jike. Ikiwa uzazi wa kila jozi ni alama ya dume mara alama ya jike, michanganyiko haina jipya la kuongeza. Mambo hubadilika pale jozi inaposhindwa ingawa kila mmoja wao, akipata mwenzi mwingine, huzaa vizuri.

Nyuki wa asali ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Jinsia yao huamuliwa na jeni ya csd. Yai lililorutubishwa likiwa na aleli mbili tofauti huwa jike. Aleli zikifanana, hutoka dume mwenye seti mbili za kromosomu, na nyuki vibarua humla saa chache baada ya kuanguliwa. Malkia ana aleli mbili; dume wa kawaida, anayetoka kwenye yai lisilorutubishwa, ana moja. Ya dume ikifanana na mojawapo ya zile mbili, nusu ya mayai yaliyorutubishwa kwa mbegu zake hupotea. Penye aleli 10 za wingi sawa, hasara ya wastani ni asilimia 10. Zikibaki 5, ni asilimia 20. Aleli adimu hukutana na pacha wake mara chache, kwa hiyo huongezeka mpaka ienee na faida yake iishe. Hapa hakuna shaka kwamba kupandana kwenyewe hulinda tofauti.

Ila kulinda si kurudisha. Sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, walipoingia Marekani kutoka Amerika Kusini walikuwa wachache, wakapoteza sehemu kubwa ya aleli za jinsia. Koloni changa yenye malkia mmoja ikianza kuzalisha madume wenye seti mbili za kromosomu badala ya vibarua, hufa.

Anayekagua sega la nyuki asihukumu haraka. Matundu kati ya majana (watoto wa nyuki) yanaweza pia kutokana na ugonjwa, au vibarua kung'oa pupa wenye utitiri wa varroa. Weka alama kwenye vijumba 100 vyenye mayai, uvitazame siku ya 3 na ya 5 tangu kutagwa. Majana yakitoweka kwa wingi kati ya siku hizo mbili, shuku csd. Yakitoweka baada ya vijumba kufunikwa, tafuta sababu nyingine.

Upande wa pili una uzito uleule. Dume mwenye bakteria wa Wolbachia akipanda jike asiye nao, mayai mengi hufa, ilhali jike mwenye nao huzaa na dume yeyote. Hapa anayeadhibiwa ni yule aliye adimu. Inzi Drosophila simulans wa California walionyesha hivyo: bakteria walipoenea, aina moja ya mitokondria (sehemu za seli ambazo, kama bakteria hao, hurithiwa kutoka kwa mama) ilienea pamoja nao na kuzisukuma nyingine nje. Kushindwa kwa jozi, basi, hulinda tofauti pale tu kunapowaangukia wanaofanana.

Kinachodaiwa zaidi na kuthibitishwa kidogo ni upendeleo wa majike kwa madume adimu. Mwaka 1980 jaribio la inzi wa nyumbani lilionyesha kwamba kukata ncha ya bawa kama alama kunatosha kuzalisha upendeleo huo. Alama lazima zibadilishwe kati ya makundi. Kosa jingine ni kutumia koo zilizozalishwa ndugu kwa ndugu: jozi mseto itazaa zaidi kwa sababu tu imeepuka madhara ya undugu, na mtafiti atadhani kapata faida ya jeni anayoichunguza.

Ukitaka kupima uzazi wa jozi kwa inzi Drosophila, chukua majike ndani ya saa 8 tangu watoke kwenye pupa, kwa nyuzi 25, kabla hawajapandwa. Weka jozi moja kwa kila chupa, michanganyiko yote tisa. Hesabu mayai kila siku, kisha walioanguliwa, kisha wazima (inzi waliokomaa), kila hatua peke yake. Jumla ya wazima pekee huchanganya uzazi na vifo vya mabuu. Mayai ambayo hayajaanguliwa baada ya saa 36 yachunguzwe rangi: ya kahawia yana kiinitete kilichokufa, meupe hayakurutubishwa au yalikufa mapema mno.