Mabenchi ya chuma kwa jua la Dodoma?

Habari inasema stendi yetu ya mabasi Dodoma itaongezewa mabenchi ya chuma, yapangwe safu. Napinga. Chuma kilichopigwa na jua hadi saa nane mchana hakikaliki, na kwenye safu kila abiria anatazama kisogo cha mwenzake. Jengeni ya zege yenye mbao juu, kimo sentimita 45, mengine yawe na egemeo kwa ajili ya wazee. Yakae kwa umbo la L, mita moja na nusu kati yake: watu wataongea bila kupaza sauti na mizigo itapita.

Kivuli ndiyo kazi yenyewe. Mwarobaini unastahimili ukame wetu, ila mafundi humwaga zege hadi shinani. Maji hayapenyi, kisha mizizi inapasua sakafu. Acheni udongo wazi angalau mita moja kila upande. Shimo la sentimita 60, samadi iliyooza, mche uingie mvua za Desemba zikishika. Kiangazi cha kwanza mwagieni ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Na uzio, jamani, mche hukanyagwa.

Upande wa upepo wekeni matofali ya matundu. Ukuta mzima huurusha upepo juu, ukashuka na vumbi nyuma yake.

Wanaosubiri basi wawekeeni na meza ya bao, ni rahisi: safu 4 za mashimo 8. Kete 64 zikiachwa mezani zitaisha, basi zitunzwe na muuza chai. Matangazo ya mabasi yasikike hapo hapo. Anayeogopa kuachwa hakai, atasimama getini.